Karatasi ya Matone ya Mama

Kila asubuhi ya likizo, Siafu aliamka akazikuta kazi tatu zikimsubiri: awashe jiko la mkaa, ambadilishe mdogo wake nepi, kisha aifunue cherehani ya mama yake na kuipangusa vumbi. Jina la Siafu alipewa na baba yake, kwa sababu tangu utotoni hakujua kutembea polepole. Alikuwa mtu wa kukimbia huku na huko, na kila mara mikononi amebeba kitu kikubwa kuliko yeye. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini jina lilikuwa limeshamganda.

Baba yake alikuwa mwoka mikate. Alitoka alfajiri na kurudi jioni na unga hata kwenye nyusi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na wiki zile za likizo zilikuwa za kuvunja mgongo, maana kila mzazi mtaani alitaka sare ya mwanawe iwe tayari kabla shule hazijafunguliwa. Vitambaa vilirundikana mezani, juu ya kiti, hata kwenye kitanda cha mdogo wake Siafu, ambaye kwa unene wake watu walimwita Bonge.

Jumamosi moja mama alitoka nyuma ya nyumba kufyeka majani yaliyokuwa yamefika dirishani. Jani moja kavu liliruka likamchapa kwenye jicho la kushoto. Alilifumba, akalifumbua, akalikosha kwa maji.

"Kibanzi tu," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Siku ya pili jicho lilikuwa jekundu. Siku ya nne lilitoa machozi tangu asubuhi mpaka jioni, na mama akawa anashona amelifumba, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayetazama juu. Siku ya sita Siafu alipomletea chai aliona doa jeupe karibu na mboni, dogo kama punje ya mchele.

"Mama, twende hospitali."

"Nimalizie sare hizi sita kwanza, mwanangu. Jicho halina miguu ya kukimbia."

Lakini baba aliporudi jioni alimshika mkewe kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akatazama kwa muda mrefu. Hakupandisha sauti.

"Mke wangu," alisema, "kesho hizo sare zitajishona zenyewe."

Asubuhi yake Bonge aliachwa kwa mama jirani, nao watatu wakaenda hospitali. Kwenye kliniki ya macho benchi lilikuwa refu kama reli, na watu walikuwa wameketi wamebandikwa pamba, huyu jicho la kulia, yule la kushoto. Daktari wa macho alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu kwa uchovu. Alimwambia mama aweke kidevu kwenye mashine, akadondosha tone la rangi ndani ya jicho, akawasha mwanga wa buluu. Lile doa jeupe likang'aa kijani.

"Una kidonda kwenye kioo cha jicho," alisema. "Kioo ni huu utando mwangavu ulio mbele ya mboni. Kidonda kina upana wa milimita tatu. Umeweka dawa gani?"

"Maji tu, daktari."

"Nakushukuru. Wengi huja hapa wameshaweka kila kitu isipokuwa sabuni."

Alimtia mama dawa ya ganzi, kisha kwa kisu chembamba sana akakwangua ukingo wa kidonda. Mama alishika mkono wa baba mpaka vidole vyake vikapauka. Uchafu uliotoka ulikuwa mdogo kiasi kwamba Siafu hakuuona, lakini daktari aliupaka kwenye kipande cha kioo kwa uangalifu mkubwa, akakipeleka chumba cha pili. Siafu naye akafuata nyuma, hata hakujua miguu ilivyompeleka.

Chumba kile kilikuwa maabara. Mwanamke mnene mwenye koti jeupe alikuwa ameinama juu ya hadubini. Hospitali nzima walimwita Mama Hadubini, na mwenyewe aliitika. Alidondoshea kile kioo dawa, akasubiri, akatazama. Baadaye alimwona Siafu mlangoni.

"Unataka kuona? Njoo. Usiguse meza."

Siafu alifumba jicho moja. Mwanzo aliona ukungu wa mwanga tu. Kisha vikatokea vijiti vyembamba, virefu, vyenye matawi, vimesokotana kama mizizi iliyong'olewa.

"Ndiyo nini hiyo, mama?"

"Kuvu. Ni ndugu wa ukungu unaoota kwenye mkate uliosahauliwa. Ilikuwa kwenye yale majani, ikaingilia pale jani lilipochuna. Sasa inaota ndani ya jicho la mama yako."

Baba alipoambiwa alitikisa kichwa. "Miaka kumi na tano namfukuza huyo kwenye mikate," alisema. "Kumbe amenizunguka, akanifuata nyumbani."

Mama alilazwa siku mbili, na wauguzi wakamtia matone usiku na mchana. Siku ya tatu vitanda vilijaa. Daktari aliwaita akawapa chupa ndogo ya dawa nyeupe kama maziwa, na karatasi yenye mistari.

"Tone moja kila saa," alisema, "kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku. Mara kumi na saba kwa siku. Tikisa chupa kwanza. Nawa mikono. Mdomo wa chupa usiguse jicho. Kila ukitia tone, weka alama ya vema hapa kwenye saa yake. Baada ya siku nne mnaniletea mgonjwa na karatasi. Nani atafanya kazi hii?"

Baba alikuwa ameshatumia ruhusa yake yote ya kazi. Mama mwenyewe hakuweza. Mwanga ulimchoma macho yote mawili, na mkono ulimtetemeka.

"Mimi," alisema Siafu.

Siku ya kwanza aliifanya kazi kama muuguzi wa kweli. Saa ya mezani yenye kengele aliiweka kwenye meza ya cherehani. Ikilia, ananawa, anatikisa, anavuta kope ya chini, tone, vema. Katikati ya tone na tone alipika uji, alifua nepi, alimbembeleza Bonge, aliwaambia wenye sare kwamba fundi anaumwa. Saa nne usiku baba alipohesabu vema kumi na saba alimpigapiga begani.

"Siafu wangu," alisema, na akasinzia palepale kitini kabla hajamaliza sifa.

Siku ya pili miguu yake ilikuwa mizito. Bonge alikuwa anaota jino, akalia asubuhi nzima. Mchana mama, aliyekuwa amelala kitambaa cheusi kikiwa usoni, alisikia kengele akageukia ukutani.

"Mwanangu, inaniwasha mno hiyo dawa. Niache kidogo. Niache hata saa moja."

Siafu alisimama na chupa mkononi. Alimwonea huruma mama yake, na kusema kweli alijionea huruma mwenyewe pia. Alimwacha. Kisha akaitazama karatasi, na pale kwenye saa nane palikuwa na nafasi tupu iliyomkodolea macho. Atasema nini kwa daktari? Akachukua kalamu, akaweka vema.

Kosa la kwanza huwa zito kama gunia; la pili huwa jepesi kama pamba. Jioni ile aliruka matone mengine matatu. Siku ya tatu kengele ililia akaizima bila kuamka, shavu lake likiwa juu ya rundo la vitambaa vya sare, na alipozinduka saa mbili zilikuwa zimepita. Siku ya nne hakuhesabu tena. Kabla ya baba kurudi alikaa chini akajaza nafasi zote, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Karatasi ilipendeza. Mwalimu yeyote angeitundika ukutani.

Asubuhi ya siku ya tano Siafu na mama walirudi kliniki peke yao. Mama alitembea ameinamisha kichwa, mkono begani kwa mwanawe.

Safari hii daktari alitazama kwenye mashine kwa muda mrefu zaidi. Alipoinua kichwa alikuwa amekunja uso.

"Milimita nne na nusu," alisema. "Kimekua. Lete karatasi."

Siafu alimpa. Daktari aliipitia mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu.

"Sitini na nane kwa sitini na nane. Hakuna hata tone moja lililokosekana." Alishusha pumzi. "Basi dawa imeshindwa. Mama, sikufichi. Kidonda kikiendelea hivi kitatoboa kioo cha jicho. Nitakuandikia barua uende hospitali ya rufaa wakakufanyie upasuaji. Na huko nako kuna foleni."

"Jicho langu litapona?" aliuliza mama.

"Sijui, mama. Tutajitahidi."

Kisha akamgeukia Mama Hadubini, aliyekuwa ameingia na majibu ya wagonjwa wengine. "Hata yule mzee mkulima aliyechomwa na bua la mahindi, anatumia dawa hiihii. Kama kuvu hii imeizoea, itabidi naye nimwachishe leo. Kesi zote za vidonda naziandika. Hii nayo naiandika: dawa ilitumika ipasavyo, haikufaa."

Siafu aligeuka akatazama mlangoni. Yule mzee mkulima alikuwa nje pale kwenye benchi. Siafu alikuwa amemwamkia walipokuwa wakiingia, na mzee akamwitikia kwa uchangamfu, akamwambia jicho lake limeanza kupata nafuu.

Waliambiwa wasubiri barua nje. Mama aliketi, akakiegemeza kichwa ukutani. "Usihuzunike, mwanangu," alisema polepole. "Wewe umefanya kazi yako. Hakuna mtoto aliyemtunza mama yake kama wewe."

Angempiga kofi ingekuwa afadhali. Siafu aliinuka. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, na Mama Hadubini alikuwa anaosha vioo vyake.

"Mama," alisema. "Zile alama... nyingine nimezidanganya."

Mama Hadubini alifunga bomba. Hakumkemea, wala hakumbembeleza. Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Habari hii si ya kuletewa mimi," alisema. "Anayeandika barua yuko chumba cha pili. Twende kabla hajatia sahihi."

"Naogopa."

"Najua. Miguu ya mwenye hofu nayo hutembea. Twende."

Mama naye aliitwa ndani. Siafu alisema yote huku akitazama sakafu: jino la Bonge, kengele, usingizi, kalamu. Daktari alivua miwani, akayasugua macho yake kwa viganja viwili.

"Mangapi?" aliuliza.

"Sijui hesabu kamili."

"Basi tutaihesabu. Kaa hapa. Chukua kalamu hii nyekundu, uzungushie kila alama ambayo si kweli. Ile usiyoikumbuka pia, izungushie."

Ilikuwa kazi ndefu kuliko kujaza. Siku ya kwanza hakuzungushia kitu. Siku ya pili alizungushia nne. Siku ya tatu, tisa. Siku ya nne, kumi. Daktari alijumlisha.

"Ishirini na tatu. Na mengi yamefuatana: muda wa saa tatu, hata saa nne, bila tone." Aliiweka karatasi mezani. "Unaona nilichotaka kufanya? Karatasi ikinidanganya, mimi sitibu jicho tena, natibu karatasi. Ningempeleka mama yako kwenye kisu kwa sababu ya dawa ambayo hakuipata. Na ningemnyang'anya yule mzee dawa inayomponya."

Siafu alianza kulia. Hapo mama yake akasema, "Daktari, mimi ndiye niliyemwambia aniache. Lawama nusu ni yangu."

"Na robo ni yangu," alisema daktari, kwa sauti ya mtu aliyechoka kwelikweli. "Kazi ile hapa hufanywa na wauguzi wawili kwa zamu. Mimi nikamkabidhi mtoto mmoja, nikampa na karatasi." Aliichana ile barua. "Hatujui kama dawa imeshindwa. Jambo hilo bado hatujalijaribu. Nitakwangua tena, tuone kuvu imefika wapi. Kisha tunaanza upya, na safari hii si mtu mmoja."

Mama Hadubini alitazama tena, na vijiti vilikuwa vilevile, vingi kuliko mwanzo. Lakini daktari alisema havijafika tabaka la chini la kioo cha jicho. Kitanda kilipatikana cha siku tatu. Jioni baba alikuja na unga wake kwenye nyusi, akaelezwa. Siafu alingoja kofi. Baba aliketi ukingoni mwa kitanda, akatazama mikono yake.

"Nilihesabu vema mara moja tu, ile siku ya kwanza," alisema. "Baada ya hapo sikuuliza hata umekula nini."

Kesho yake alikwenda kwa bosi wake, akaomba zamu ya mchana tu kwa mwezi mmoja. Mama jirani akamchukua Bonge kila asubuhi mpaka adhuhuri, na kuhusu sare akawaambia watu bila kupepesa macho kwamba wakiwa na haraka wajifunze kushona. Matone wakagawana. Asubuhi ni baba, mchana Siafu, jioni mama jirani, na kufunga siku ni baba tena. Mama naye alikataa kugeukia ukutani. Dawa ilipowasha aliuma kona ya shuka, akasema, "Tia."

Karatasi mpya haikupendeza kama ile ya kwanza. Ilikuwa na doa la uji, na mwandiko wa watu watatu. Kulikuwa na nafasi mbili tupu. Kwenye moja Siafu aliandika, "Nililala." Kwenye nyingine baba aliandika, "Chupa ilianguka, tulitafuta kifuniko." Daktari alizisoma zote mbili, akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Dawa ile haikuwa na haraka. Wiki ya kwanza kidonda hakikukua wala hakikupungua, na kila mtu nyumbani alitembea kama aliyebeba maji kichwani. Wiki ya pili kilikuwa milimita nne. Wiki ya tatu, mbili na nusu. Shule zilifunguliwa, matone ya mchana akayachukua mama jirani, na Siafu akawa anatia tone moja la asubuhi kabla ya kuvaa sare, ambayo mwaka ule ilikuwa ya zamani na fupi kidogo. Mzee mkulima aliruhusiwa kurudi shambani. Alipita kumuaga kila mtu kwenye benchi, hata wasiomjua, na hakujua kamwe jinsi alivyokaribia kunyang'anywa chupa yake.

Katika wiki ya sita daktari alidondosha rangi, akawasha mwanga wa buluu, na hapakung'aa kitu. Pale palipokuwa na kidonda palibaki kovu la kijivu. Alimwambia mama afunike jicho la kulia.

"Unaona nini?"

"Naona wewe," alisema mama. "Kama kupitia dirisha lililopata mvuke. Lakini ni wewe."

"Kovu halitaondoka lote. Kama ungekuja siku ile ya kwanza, pengine lisingekuwepo kabisa. Jani likichapa jicho, si kibanzi tu; njoo upimwe. Lakini ukitumia macho yote mawili, utatunga uzi kwenye sindano."

Kisha alifungua faili. Mbele kulikuwa na ile karatasi ya kwanza, na duara zake ishirini na tatu nyekundu. Siafu aliona aibu ikimpanda upya.

"Daktari, kwa nini usiitupe?"

"Kwa sababu sasa inasema kweli." Daktari aliivuta juu ya meza. "Sikiliza, binti. Kuchoka si kosa. Mimi huchoka, baba yako huchoka, hata dawa huchoka ikiachwa juani. Kosa lako halikuwa usingizi. Kosa lilikuwa kuweka alama mahali ambapo ungeweka neno moja: nimeshindwa. Aliyechoka akasema, watu humpokea mzigo. Aliyechoka akaficha, mzigo humwangukia mgonjwa. Ukikosa, andika umekosa. Penye ukweli, hata mbaya, daktari ana pa kuanzia."

"Nimesikia, daktari."

"Na wewe ulisema kabla barua haijaondoka. Hilo nalo nimeliandika."

Walirudi kuketi kwenye benchi refu kusubiri dawa ya mwisho dirishani. Foleni ilikwenda polepole. Siafu alitaka kumwambia mama yake jambo, lakini kabla hajalipanga vizuri kichwa chake kilikuwa kimeshaangukia begani kwake. Jina lao lilipoitwa dirishani mama aliinua mkono tu, akaomba muuguzi amletee dawa pale alipo.

"Mtoto amelala," alisema. "Amechoka. Mwache."